Diski Pacha

Ijumaa ile ilianza vizuri tu. Fundi aliamka, akafua blauzi mbili, akazianika, akanywa chai akiwa amesimama dirishani huku akiwaangalia watoto wa jirani wakigombania ndoo. Mtaani walimwita Fundi, basi, hakuna aliyehitaji kumwita jina jingine. Mwanamke wa miaka arobaini na kidogo, miwani imefungwa uzi upande mmoja, ulimi mkali. Kompyuta yako ikigoma ulimpelekea yeye, na kabla hajaigusa alikusema kwanza mpaka ukajuta kuinunua.

Saa mbili na nusu na dakika chache simu ikaita. Alikuwa Sista, muuguzi mkuu wa kliniki ya watoto.

"Fundi, mashine yako imeanza vituko."

"Si yangu. Ni ya bosi wako."

"Ya nani sijui. Ninachojua, jana kabla hujaishika ilikuwa nzima."

Fundi akafyonya. Lakini hakubisha, maana hapo Sista alikuwa amesema kweli.

Bosi wa Sista alikuwa Daktari, na Daktari alikuwa kaka yake Fundi, tumbo moja. Ile seva ya kliniki, yaani kompyuta kubwa inayotunza kadi za watoto wote, Fundi ndiye aliyeiunda kwa mikono yake miaka saba nyuma, enzi ndugu hawa walipokuwa bado wanapendana. Ndani yake aliweka diski mbili akazifanya pacha: kila neno linaloandikwa kwenye moja linaandikwa na kwenye nyingine papo hapo, ili moja ikifa mwenzake aendelee, na kadi ya mtoto yeyote isipotee.

Halafu miaka minne iliyopita mwana wa Fundi akafia mle mle kliniki. Alikuwa na binti mmoja tu, wa miaka sita, mdomo haufungi tangu asubuhi mpaka usingizi umchukue, ndiyo maana wakamwita Kasuku. Kasuku alikuwa na pumu. Daktari naye alikuwa na binti wa umri ule ule, Kidoti, aliyeitwa hivyo kwa doa jeusi juu ya mdomo, na pumu ile ile. Ukoo mzima vifua vibovu. Siku hiyo watoto wote wawili walikuwa kwa bibi yao. Jirani asiye na akili akachoma godoro la sponji, moshi ukaingia ndani, watoto wakabebwa mbio hadi kliniki. Kidoti akapona. Kasuku hakupona.

"Alifika akiwa mahututi," Daktari alimwambia dada yake. "Nimejitahidi, mdogo wangu. Imeshindikana."

Fundi hakuamini. Ushahidi hakuwa nao, ila moyo ulikataa kabisa. Alimzika mwanawe, akarudi nyumbani, na tangu hapo hakukanyaga kliniki ile. Mama yao aliwapatanisha, kama kule ni kupatana: kusalimiana misibani na kukaa viti vya mbalimbali.

Wiki hiyo Daktari alimfuata mwenyewe nyumbani. Alikuwa amenunua diski kubwa ya akiba na mashine ilikataa kuitambua. Mafundi wawili walikuwa wameshakuna vichwa wakaondoka. Mama akaongeza la kwake: "Nenda, mwanangu. Usiende kwa ajili yake, nenda kwa ajili ya watoto wa watu." Basi Alhamisi jioni akaenda. Aliona mara moja tatizo liko wapi. Mazabodi, ule ubao mkuu ambao kila kitu cha kompyuta kimechomekwa juu yake, ulikuwa wa zamani, na programu yake ya ndani ilihitaji kuapdetiwa, yaani kuwekewa toleo jipya. Kazi ya dakika kumi.

Sasa kila fundi anajua kwamba ukiapdeti mazabodi, mipangilio yote inarudi kama ilivyotoka kiwandani. Kwa hiyo unatoa simu, unapiga picha ukurasa wa mipangilio, ndipo unaendelea. Fundi amewafundisha watu jambo hilo mara mia. Lakini jioni ile alisikia viatu vya kaka yake vikija koridoni, na hakutaka kabisa waonane uso kwa uso. Akabonyeza haraka haraka, akafunga mkoba, akaondoka bila kupiga picha yoyote.

Hilo ndilo alilokuwa akilifikiria njiani Ijumaa asubuhi, na alijitukana hadi mlangoni.

Sista alikuwa amerudi kwenye daftari na kalamu, uso umekunjamana. "Iliandika diski ina makosa," alisema. "Ikazima, ikawaka, ikazima. Ilipowaka saa mbili na nusu ikaniletea orodha ya wagonjwa wa zamani. Imeniitia watoto ambao sasa hivi wanaota ndevu, Fundi! Nikaichomoa."

"Umefanya vizuri kuichomoa."

"Mimi siku zote nafanya vizuri. Nyinyi ndio mnakuja kuniharibia."

Seva ilikuwa kwenye kichumba kilichokuwa stoo ya dawa zamani. Kidirisha kimoja juu, feni inayolia, ukuta wenye alama za rafu zilizong'olewa. Fundi akavua kandambili zake, kawaida yake akifanya kazi, akafungua kifuniko. Alibadilisha waya wa diski. Akabadilisha tundu. Akazipima diski zote mbili moja baada ya nyingine, na zote zikasema ni nzima, hazina doa. Hapo akajua kuwa makosa hayamo kwenye diski. Mazabodi, baada ya kuapdetiwa, ilikuwa imesahau kwamba diski hizi ni pacha. Ilikuwa inaziona kama watu wawili wasiojuana, na tena imewabadilishia namba.

Alipokuwa akirudisha kifuniko, kidole chake kikagusa kitu laini mbele ya boksi. Kipande cha plasta, ile ya kubandika vidonda, kimekuwa cheusi kwa vumbi.

"Sista! Hii ni nini?"

Sista akachungulia mlangoni. "Plasta."

"Naona ni plasta. Inafanya nini kwenye mashine yangu?"

"Ahaa, sasa imekuwa yako. Kulikuwa na taa nyekundu hapo, inapepesa, inapepesa, watoto wakipita wanalia. Nikaibandika."

"Lini?"

Sista alifikiri kidogo, halafu uso wake ukabadilika. "Zamani. Ule mwaka wa... Ule mwaka."

Akaondoka bila kumaliza.

Fundi alibandua plasta akakaa nayo mkononi. Taa ile ndiyo ilikuwa king'ora pekee. Ilikuwa ikisema: pacha mmoja ameachwa nyuma, njooni. Na badala ya kuitwa fundi, ilifungwa kama kidonda. Alikumbuka umeme ulikatika na kurudi siku ile ya moshi, mama yake aliwahi kulisema hilo. Diski moja haikuamka vizuri baada ya umeme kurudi. Miaka minne mizima mwenzake amekuwa akiandika peke yake, na ile nyingine imekaa humo kimya, haijui lolote lililotokea duniani baada ya alasiri ile. Ndiyo hiyo iliyomletea Sista wagonjwa wa zamani asubuhi. Jambo la kawaida kabisa. Fundi alikaribia kucheka.

Dawa yake ilikuwa rahisi. Unaziunganisha upya. Unaiambia mashine diski ipi iwe chanzo, na nyingine inafutwa yote na kuandikwa upya mpaka ifanane na mwenzake. Ukikosea upande, umefuta miaka minne ya watoto wa watu, na hakuna kurudi nyuma. Kwa hiyo unafungua kila moja kwanza, unahakikisha kwa macho yako.

Akawasha ile ya kwanza. Kadi zilikwenda hadi jana jioni. Nzuri. Akazima, akawasha ya pili.

Alitaka tu kujua iliachwa nyuma saa ngapi. Hiyo ni sababu aliyojipa. Vidole vyake vikaandika namba ya kadi ya Kasuku bila hata kuikumbuka kichwani.

Kadi ikafunguka. Mstari wa siku ile: saa tisa na dakika tano alasiri, watoto wawili wameletwa pamoja. Kidoti, oksijeni ya damu themanini na nne kwa mia. Kasuku, oksijeni sabini na sita. Mtungi wa oksijeni ni mmoja, wa pili ni mtupu, gari la kujaza halijarudi.

Akasoma mara tatu. Sabini na sita. Mbaya kuliko ya Kidoti, lakini si ya kushindikana, hata yeye asiye daktari alijua. Akachomeka waya akachungulia kadi ile ile upande wa diski ya kwanza, ile iliyoendelea. Pale paliandikwa: saa tisa na dakika tano, Kasuku, oksijeni hamsini na tisa, amefika akiwa mahututi. Mstari umebadilishwa saa kumi na moja jioni, na aliyeubadilisha ni Daktari. Diski iliyoachwa nyuma haikubadilishwa, kwa sababu saa hiyo ilikuwa imeshaacha kuandikwa.

Fundi hakulia. Alikuwa amelia vya kutosha. Miaka minne watu walikuwa wakimwambia asamehe, asilete maneno, asimhukumu ndugu yake kwa kazi ya Mungu.

Alitaka kuifunga kadi. Akagusa kitufe cha kushuka chini badala ya kile cha kufunga.

Kadi ikashuka.

Haikutakiwa kushuka. Diski ile iliachwa nyuma saa tisa na dakika ishirini, umeme ulipokatika. Baada ya hapo palitakiwa pawe peupe.

*Saa tisa na dakika ishirini na tano. Mtungi amepewa mtoto wa dada.*

*Saa tisa na dakika arobaini. Anapumua.*

Akashuka tena. Mwezi uliofuata. *Kilo kumi na tisa. Kifua safi. Mama anasema haongei tena kama zamani.* Miezi mitatu mbele. *Jino la mbele limeng'oka. Anamuulizia binamu yake.* Mwaka. *Kilo ishirini na mbili. Mama anasema mtoto huyu atamtia wazimu, na anacheka.* Fundi hakuwahi kusema maneno hayo kwa mtu yeyote. Lakini yalikuwa yake. Hata namna ya kusema ilikuwa yake.

Mwaka wa pili. Wa tatu. *Ameanza kuficha daftari lake. Mama anasema anajifungia akioga, ameanza aibu za kikubwa.* Kilo ishirini na tano. Kilo ishirini na nane. *Anamuulizia binamu yake.* Kila ziara, mstari huo huo.

Akafungua kadi ya Kidoti kwenye diski ile. Iliishia siku ya moshi, saa tisa na dakika arobaini na mbili.

Akarudi kwa Kasuku. Akashuka hadi mwisho kabisa.

*Leo, saa nne na dakika tano asubuhi. Ameletwa na mama. Mama yuko chumba cha mashine. Mtoto anasubiri kwenye benchi la nje.*

Saa ya ukutani ilikuwa saa nne na dakika sita.

Aliuchomoa waya wa mtandao. Sasa hakuna mtu popote kliniki aliyeweza kuandika kitu humo. Mstari ukaongezeka.

*Bado anasubiri.*

Fundi akasimama. Miguu yake mitupu haikusikia sakafu. Akafungua mlango.

Akina mama watatu walikuwa wamesimama koridoni, watoto mgongoni. Benchi lilikuwa la kukaa watu watano. Hakuna aliyekaa isipokuwa mtoto mmoja wa kike mwenye sare ya shule, amejibana kwenye ncha kabisa, nusu ya paja liko hewani. Moyo wa Fundi ukaruka. Kisha akaona doa jeusi juu ya mdomo.

"Shikamoo, shangazi," Kidoti alisema.

"Marahaba. Mbona hauko shule?"

"Mwalimu ameniruhusu. Kifua kilibana saa mbili na nusu, mstarini. Kikaachia. Sasa hivi kimerudi." Aliongea akikata maneno, pumzi haitoshi.

"Na mbona umejibana hivyo? Benchi lote hili?"

"Nimemwachia nafasi."

"Nani?"

Kidoti alitazama pembeni yake, akainamisha kichwa. "Sijui, shangazi. Nimejisikia tu nimwachie."

Midomo yake ilikuwa imeanza kuwa ya buluu.

Fundi akamwita Sista kwa sauti ambayo hakuijua. Sista akambeba mtoto hadi chumba cha matibabu, ukuta kwa ukuta na chumba cha mashine. Fundi akarudi ndani, akafunga mlango, akakaa. Kichwa chake kilikuwa kichwa cha fundi. Hata akiogopa kinahesabu. Saa mbili na nusu mashine iliwaka kwa diski ile. Ikachomolewa, kifua kikaachia. Sasa hivi ameiwasha tena.

Akaizima.

Haikupita hata dakika mbili. "Hee!" Sista alisikika ukutani. "Tisini na sita! Ulikuwa unanitania, wewe?"

Fundi akaiwasha.

Alisubiri. Feni ilikuwa inalia. Kwanza kimya, halafu viti vikasogezwa. "Daktari! Daktari, njoo huku! Lete kibanio kingine cha kidoleni, hiki kinasoma vibaya... Hapana, hakisomi vibaya."

Akaizima. Akasikia mtoto akivuta pumzi ndefu, mpaka huku.

Na hapa ndipo jambo linapokuwa zito kusimulia, kwa sababu mara ya tatu hakuiwasha kwa kujaribu.

Aliiwasha kwa sababu alitaka. Alitaka mwanawe. Alitaka kilo zile ishirini na nane, na aibu za kuoga, na daftari linalofichwa. Na alitaka, tusimfichie, kaka yake asimame pale aliposimama yeye siku ile, akiambiwa imeshindikana. Akafungua dirisha la kuunganisha pacha. Swali likatokea: diski ipi iwe chanzo? Sifuri. Moja. Mkono ukasogea.

Mlango ukafunguliwa. Daktari aliingia, koti jeupe limefunguka, jasho linamtiririka.

"Umeme wa huku unafanya nini? Vipimo vinacheza, mtoto ana..." Akaona skrini. Akaona kadi. Alisoma kwa muda mrefu, na jinsi alivyosoma Fundi alijua kwamba haoni jambo geni mwanzoni, geni lilikuja kadiri alivyoshuka chini.

"Hii ni nini?" alinong'ona.

"Sabini na sita," Fundi alisema. "Wako themanini na nne."

Daktari akaegemea ukuta.

"Ulibadilisha."

"Nilibadilisha."

"Kwa nini hukuniambia tu?"

"Ningekuambia nini? Nilijiambia nitawabadilishia mtungi. Dakika tano huyu, dakika tano yule. Nikamwekea Kidoti barakoa. Sikuihamisha. Nilikuwa naiangalia saa, naiona, na mkono haukwenda. Ni hivyo tu, mdogo wangu. Mkono haukwenda."

Upande wa pili wa ukuta Sista alikuwa anasema vuta, mama, vuta, vuta tena.

"Mashine hii ikiwaka hivi ilivyo," Fundi alisema polepole, "wako anakufa. Nimejaribu mara mbili. Nikiizima, anapumua. Na nikiunganisha diski hizi, moja inafutwa. Mtoto mmoja anabaki kwenye kadi."

Mtu mwingine angesema ana wazimu. Daktari alikuwa amesoma mstari wa leo asubuhi, na hakusema. Alipiga hatua mbili, akaweka mkono kwenye kibodi. Kidole chake kilikuwa juu ya vitufe.

"Ipi? Sifuri au moja?"

Fundi aliziangalia diski.

"Dada. Ipi ni ipi?"

Namba zilikuwa zimebadilishana tangu Alhamisi. Vibandiko vya zamani kwenye diski vilidanganya. Duniani kote alijua mtu mmoja tu. Fundi alimtazama kaka yake, kidole kile, kucha zile zilizokatwa vizuri za daktari, na akaona kwamba kwa neno moja angeweza kumfanya amuue mwanawe kwa mkono wake mwenyewe. Wala asingehitaji kupaza sauti. Neno lilikuwa tayari mdomoni. Alihisi utamu wake.

Kisha akaisikia sauti ile.

Ilitoka ukutani. Kifua cha mtoto kinachovuta hewa isiyoingia: mluzi mwembamba, kukatika, mluzi. Miaka minne amelala usiku akijaribu kuiwazia sauti hiyo, akiitunga, akiifukuza, kwa sababu siku ile alimkuta Kasuku ameshafunikwa. Sasa aliisikia kwa masikio yake. Hivi ndivyo ilivyokuwa. Hivi ndivyo alivyokwenda. Na hakuna namna, hakuna chuki yoyote kifuani mwake, ingemwezesha kukaa kwenye kiti na kuisikiliza hadi mwisho.

"Toa mkono," alisema.

"Dada, nakuomba..."

"Toa mkono wako. Wewe ulishachagua zamani."

Daktari akatoa mkono. Fundi akaandika moja, namba ya diski ya jana jioni, akabonyeza.

Mluzi ukakatika ukutani. Kimya kikawa kirefu mno. Halafu kikohozi, halafu sauti ya mtoto ikiomba maji, na Sista akisema, "Maji nakupa, ila umenizeesha miaka kumi."

Daktari alikimbia kwenda huko. Fundi alibaki.

Kazi ile ilichukua saa tatu na ushee, na hakutoka hata mara moja. Kadi ya Kasuku ilikuwa bado wazi kwenye skrini, na mistari ilikuwa inaondoka kuanzia chini. Kwanza ukaondoka wa leo. Kilo ishirini na nane zikaondoka. Aibu za kuoga zikaondoka. Daftari likaondoka. Mtoto alikuwa akirudi nyuma, ana miaka tisa, ana minane, jino likarudi mdomoni. Fundi alikuwa anasoma kila mstari kwa sauti ya chini kabla haujaondoka, midomo tu ikicheza, ili angalau kuwe na mtu mmoja aliyewahi kuujua. *Mama anasema mtoto huyu atamtia wazimu, na anacheka.* Huo aliusoma mara nyingi kadiri alivyowahi.

*Saa tisa na dakika arobaini. Anapumua.*

Ukaondoka.

Mwisho ilibaki sabini na sita. Ikatulia kidogo kwenye skrini. Halafu ikawa hamsini na tisa, amefika akiwa mahututi, imeshindikana. Uongo sasa ulikuwa kwenye diski zote mbili, na ushahidi hakuna tena. Yeye mwenyewe ndiye aliyeufuta. Fundi alicheka kicheko kifupi, kibaya, akavaa kandambili zake.

Aliwasha mashine upya kuhakikisha, kama ilivyo kazi. Ikawaka bila kosa lolote. Pacha wote wawili wazima, wanafanana. Sista akarudi kwenye kompyuta yake, akaanza kuwaita wagonjwa kwa mpangilio, na akina mama wakakaa kwenye benchi.

Ni Sista huyo huyo aliyeuona. Alikuja mlangoni na uso ambao hakuwahi kuwa nao.

"Fundi. Kadi ya mwanao. Kuna mstari umezidi."

Daktari alikuwa amesimama nyuma yake. Wote watatu waliusoma kwenye skrini ya kichumba. Ulikuwa chini kabisa, chini ya ule wa miaka minne iliyopita, na una tarehe ya leo. Saa saba na dakika hamsini mchana, dakika ambayo kazi ilimalizika. Sehemu ya jina la mwandishi ilikuwa tupu.

*Mtoto amefariki. Aliyeamua: mama.*

Fundi aliufuta. Akafungua kadi upya, ukawepo. Akaufuta tena, akauchomoa umeme, akauchomeka. Ukawepo, na saa ile ile, na nukta ile ile. Sista akajishika mdomo akatoka, na tangu hapo huwa haingii chumba kile peke yake.

Daktari alisogea. Kwa mara ya kwanza ndani ya miaka minne aliweka mkono kwenye bega la dada yake.

"Niachie mimi," alisema kwa sauti ya chini. "Nina njia ya kuubadilisha. Nitaandika tu kwamba imeshindikana."

Fundi akautoa mkono ule begani, kidole kimoja kimoja.

"Wako ulishaubadilisha," alisema. "Wangu uache ulivyo."